Encoder ya kiwiko iliyokuwa inakosea hesabu, na msalaba wa mama kule Iyula

Wakuu, habari za humu ndani. Wanaostahili shikamoo wapokee, wengine mambo vipi.

Mimi ni mmoja wa wale wanaosoma kimya kimya, wanachota maarifa ya watu kisha wanasepa bila hata kugonga like. Leo nalipa. Ninayosimulia yametokea kwangu na kwa baba yangu mzazi, sijaongeza chumvi, na pale nilipolia nitasema nililia.

Mnijue kidogo kwanza. Ni mwanamke, kwa hiyo ukiniita mkuu sawa, dada sawa, ila "mshkaji" hapana. Nina kibanda cha kutengeneza redio na inverter hapa Tunduma, karibu na malori yanapopanga foleni ya kuvuka mpaka. Madereva ndio wateja wangu.

Pembeni nina ugonjwa mmoja: CNC.

Kwa asiyejua, ni mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Unaipa mchoro, yenyewe inasogeza kisu kulia, kushoto, juu, chini. Yangu nimeiunda kwa vyuma chakavu, na inaendeshwa na software ya bure, ile ya open source inayokaa kwenye Linux. Kompyuta ni desktop ya kizamani, yenye tundu refu la printa nyuma. Msiicheke, inafanya kazi.

Sasa twende kwa baba.

Baba ni seremala, yuko Iyula, Mbozi. Ukiingia kanisani kwetu, mabenchi ni yake na mlango ni wake. Lakini kilichompa jina ni herufi. Alikuwa anachonga majina ya watu kwa patasi, herufi zimesimama safi, zina mikia yake mwenyewe ambayo sijaiona popote pengine.

Halafu mikono ikaanza kutetemeka. Ilianza taratibu, ikazidi. Sasa hivi chai tunamwekea nusu kikombe, maana kikijaa kinaishia kwenye suruali. Yeye mwenyewe hutania kwamba anapiga ngoma bila ngoma. Tunacheka naye, kisha tunageukia pembeni.

Mama alipofariki, kaburini tuliweka msalaba wa muda ulioandikwa kwa rangi. Tukakubaliana kwamba kahawa ikishavunwa, ndugu wote wakiwa na nafasi, tutafanya ibada ya kuweka msalaba wa kudumu.

Baba akasema, "Jina la mke wangu nitaliandika mimi."

Hakuna aliyebisha. Ila wote tulijikuta tunaitazama mikono yake.

Shangazi, dada yake baba, ana mdomo ambao Mungu alimpa bila breki. Akasema kwa nini tusinunue wa saruji mjini. Baba alisimama, akaenda akashusha ubao wa mninga aliokuwa ameutunza juu ya dari, akauegemeza ukutani, akarudi kukaa. Ubao ulikuwa huo mmoja tu.

Mimi nikarudi Tunduma na kichwa kimejaa.

Wazo lilikuwa hivi. Nitengeneze mkono wa chuma wenye viungo viwili, bega na kiwiko. Mwishoni kuwe na kishikio. Baba anashika, anapitisha juu ya meza kama anaandika hewani, na mashine pembeni inamfuata na kuchonga kwenye ubao.

Mashine inajuaje mkono umefika wapi? Hapo ndipo encoder inapoingia. Ni kisahani chenye mistari myembamba sana, na jicho dogo la taa linalohesabu mistari ikipita. Moja nikaiweka begani, nyingine kwenye kiwiko. Nilizitoa kwenye printa kubwa za ofisini zilizokufa. Za kununua huja zimefungwa kabisa, zangu zilikuwa uchi. Likumbukeni hilo.

Na mtetemo je? Software ina kichujio. Ule mtikisiko mdogo wa haraka haraka kinautupa, mwendo halisi wa mkono kinauacha upite. Nikaupima ule mkono wa chuma kibandani kwangu mpaka wateja wakanilalamikia. Haukukosea hata mara moja.

Kishikio nilikifanya kwa mpini wa patasi ya zamani ya baba. Sikumwambia. Nilitaka aukute mkononi.

Nikapakia kila kitu kwenye pickup, nikafunika turubai, nikapandisha Iyula.

Siku ya kwanza tulijaribu kwenye kipande cha paina. Baba akashika mpini, akautazama, akanitazama, akaguna tu. Kisha akaandika herufi ya kwanza ya jina la mama, E. Mashine ikamfuata. Akaandika S, ile yenye mzunguko, inayomshinda kila mtu.

Ikatoka, wakuu. Na mkia wake.

Akapitisha kidole gumba ndani ya ile herufi, polepole, kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala.

"Hii ni S yangu," akasema.

Hapo nililia. Nilijifanya ni vumbi la mbao.

Jioni ile, kabla ya kufunga karakana, aliingia ndani akatoka na kitambaa cha mama. Mnavijua vile vitambaa vya kufuma, vyeupe, vyenye matobo ya maua. Mama alikuwa amevisha nyumba nzima: redio, televisheni, migongo ya makochi, hata birika la wageni. Kwake kitu cha thamani hakilali uchi. Baba alichukua kile kikubwa kilichokuwa juu ya kabati la vyombo, akaufunika ule mkono wa chuma, akakinyoosha pembe zote. Mimi nikapiga picha, nikaona tumemkumbuka mama vizuri.

Kesho yake matatizo yakaanza.

Baba anaandika vizuri, ghafla kisu kinaruka pembeni. Kidogo tu, lakini herufi imeharibika. Anarudia, kinaruka tena. S ikawa inatoka imevunjika mgongo.

Nikaingia kazini. Wanaocheza na hivi vitu wanajua mtuhumiwa wa kwanza ni umeme. Waya wa encoder ukipita karibu na waya wa mota ya kukata, unaokota kelele na hesabu zinachafuka. Nikazitenganisha. Hakuna kitu. Nikarudi Tunduma, nikavuka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kutafuta waya wenye wavu wa chuma ndani. Muuzaji, mama mmoja Mbemba, akaniuliza wa nini, nikamwambia wa msalaba wa mama yangu. Akaniongezea kipande bure. Natotela sana, yaani asante kwa Kibemba, kwake popote alipo.

Nikabadilisha waya, nikaweka earth upande mmoja tu kama inavyotakiwa. Bado inaruka.

Mtuhumiwa wa pili, kompyuta. Labda inachelewa kusoma, mistari inapita haijahesabiwa. Nikaipima, iko vizuri. Nikabadilisha kasi ya kusoma, nikarudisha. Kwenye jukwaa moja la nje mtandaoni wakaniambia nipandishe kichujio. Nikapandisha.

Kuruka kukapungua kidogo, lakini mashine ikawa nzito, inamfuata baba kwa kuchelewa kama ng'ombe anayekokotwa. Baba akasimama katikati ya herufi.

"Mwanangu, kuna kitu kinanishika mkono."

Nikamweleza habari ya kichujio. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauweka mpini chini, taratibu, na mikono yake ikawa inatetemeka juu ya meza wazi kabisa, hana pa kuificha.

"Mashine yako haina kosa," akasema. "Inaniandika mimi nilivyo. Mwambie shangazi yako atafute huo wa saruji."

Akatoka nje.

Wakuu, nimeunguza mashine za watu, nimetukanwa na madereva kwa lugha tatu, lakini sijawahi kuumia kama siku ile. Hapo halikuwa tena suala la S. Mzee alikuwa ameamini kwamba mikono yake ndiyo inayomnyima mke wake jina.

Nikakaa pale karakana na hasira. Hasira yangu huwa inanisaidia, kwa sababu nikiwa nayo naacha kubahatisha.

Nikashika mpini mwenyewe. Mkono wangu hautetemeki. Nikaupeleka taratibu, kuja na kurudi. Kisu kikaruka! Nikachukua chaki, nikaweka alama kwenye kiungo cha kiwiko pale mkono ulipokuwa umefika. Nikarudia. Kikaruka palepale kwenye chaki. Nikarudia kwa haraka, nikarudia polepole sana. Palepale.

Software hii ina kidirisha kinachochora mawimbi ya encoder, yanaonekana kama meno ya msumeno yaliyopangwa sawasawa. Mkono ukifika kwenye chaki, meno yanapotea, mstari unalala bapa, kisha yanarudi.

Nikatoka mbio nje. Baba alikuwa ameketi kwenye gogo anatazama mikahawa yake.

"Baba, njoo."

"Niache, mama." Huwa ananiita hivyo akiwa amechoka.

"Baba, mikono yako inatetemeka mahali pamoja tu?"

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Inatetemeka kila mahali, si unaona?"

"Basi njoo uone kitu kinachokosea mahali pamoja."

Akaja. Nikamwonyesha kwa mkono wangu. Kisha nikamwomba ashike yeye. Akapitisha na mtetemo wake wote, mashine ikamfuata kimya kabisa mpaka kwenye chaki, ikaruka pale. Akarudi nyuma, akapita tena, ikaruka pale. Akafanya hivyo mara nyingi, peke yake, kuliko hata nilivyohitaji.

"Si mimi," akasema kwa sauti ndogo.

"Si wewe, baba."

Tukafungua kiwiko. Nikamulika kwa tochi ya simu. Kwenye ekseli ya kisahani kulikuwa na kitu cheupe kimejizungusha, na ncha yake ya manyoya imelala juu ya mistari. Kila mistari ile ikipita mbele ya jicho, jicho lilikuwa halioni kitu.

Nikakivuta kwa kibanio. Kikatoka kirefu, cheupe, bado kina mikunjo ya kufumwa.

Hakuna aliyehitaji kuuliza. Kila jioni baba alikuwa anafunika, kila asubuhi anafunua, na pembe ya kitambaa inanasa kwenye kiwiko na kuacha nyuzi kidogo. Ndiyo maana Tunduma mashine ilikuwa nzima, na Iyula ikawa inazidi kuugua kila siku.

Nilitaka kuficha mkono. Niliogopa ataona kwamba ni kitambaa cha mama ndicho kilichoharibu. Lakini alikwishanyoosha kiganja, nikamwekea. Kiganja kilitetemeka na ule uzi ukawa unacheza juu yake.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza.

"Ester huyu!" akasema. "Miaka yote alikuwa ananiambia, baba fulani, punguza haraka, utaharibu kazi. Hata sasa?"

Kisha akalia, nami nikalia, na safari hii hakuna aliyesingizia vumbi.

Nikasafisha jicho, nikakifunga kisahani ndani ya kopo la dawa ya viatu nililolitoboa katikati. Kopo jingine nikaweka begani. Kichujio nikakirudisha kilipokuwa mwanzo. Tukajaribu kwenye paina, meno ya msumeno yakakaa kamili mwanzo hadi mwisho.

Siku ya kuchonga mninga, baba alivaa shati la kanisani. E ikatoka, S ikatoka, T, E. Ilipobaki R akasimama.

"Hicho kinachonishika mkono, unaweza kukitoa?"

"Baba, nikizima kichujio, mtetemo wote utaingia kwenye mbao. Na ubao ni huu mmoja."

"Najua mbao zinavyofanya kazi, mwanangu."

Nikazima.

Akaandika R kwa mkono wake kama ulivyo leo. Mashine ikamfuata kwa kila kitu. Ilitoka na kingo zenye mawimbi madogo madogo, na mkia ulioinuka vilevile kama zamani.

Siku ya ibada, shangazi alikuwa wa kwanza kuinama. Akapapasa herufi zote, akafika kwenye R, kidole kikasimama. Nikajua ule mdomo usio na breki hautavumilia.

"Kaka, hii ya mwisho imekuwaje?"

"Hizo nyingine nilisaidiwa na mtoto," baba akasema. "Hiyo ni mimi."

Shangazi alibaki ameinama pale, kidole kikiwa kwenye hiyo herufi, mpaka mchungaji alipoanza kuomba.

Sasa mafunzo, kwa wanaokuja kwa ajili ya ufundi. Encoder ikikosea ovyo ovyo, tafuta kelele za umeme, waya na earth. Ikikosea mahali palepale, acha waya, fungua kisahani, kuna uchafu. Chukua chaki kabla hujagusa setting yoyote. Kichujio kisitumike kufunika kosa usilolijua. Na kabla hujakubali kwamba tatizo ni mkono wa mtu, mpe huyo mtu nafasi ya kuona kwa macho yake.

Anayejua njia bora ya kufunga encoder zilizo uchi kuliko makopo yangu ya dawa ya viatu, aje hapa. Mwenye mzazi ambaye mikono imeanza kucheza, aje pia, mchoro wa ule mkono wa chuma nitampa.

Majibu yenu nitamsomea mzee. Jumamosi nitakuwa Iyula, na atakuwa karakana mpaka jioni, halafu atakung'uta kile kitambaa nje mlangoni, mara mbili tatu, ndipo aufunike ule mkono wa chuma.