Nguo nyeupe kwenye kona

Harufu ya petroli na udongo uliolowa inanirudisha utotoni, kwenye uwanja wa mbio za magari, tulikokwenda moja kwa moja kutoka kanisani, wote tumevaa nyeupe, tukakaa kwenye kona. Hatukujua magari hurusha matope pale. Raundi ya kwanza tu, tukawa wekundu mpaka meno.

Mbio zilipokwisha, watoto waliitwa kupanda magari. Nikakimbia. Dereva akanizuia: "Wasichana wakae na mama zao."

Mama akamsogelea, kilemba kinadondosha tope. "Papa dereva, mama yake ni mimi, na amekula matope yenu. Atapanda."

Nikapanda.

Leo, uwanja uleule, binti yangu ameambiwa maneno yaleyale. Eish! Jumapili tunarudi naye, tumevaa nyeupe. Tutakaa kwenye kona.