Kidoti cha Kijani na Loshoro ya Baba Yake Neema

Nitawasimulia, ila mcheke kwa kiasi, maana bado nina aibu ya kupita Kimandolu mchana. Mimi niliamini, kwa moyo wote na kwa akili yangu yote ya kidato cha nne cha masomo ya jioni, kwamba ukiagiza chakula kwa simu na kile kidoti cha kijani kinachotembea kwenye ramani kikasimama, basi dereva wa bodaboda ameegesha mahali na anakula chakula chako. Aliyeniambia ni Elibariki, niliyekaa naye dawati moja darasani, tena alieleza kitaalamu: kikisimama kidogo, ameonja mchuzi, kikisimama sana, ameshaingia kwenye nyama. Nikamwuliza mbona mfuko unafika umefungwa vizuri, akasema madereva wale hutembea na pasi ndogo ya kuyeyushia nailoni na kuifunga upya. Pasi, jamani, juu ya pikipiki, na mimi nikatikisa kichwa kama mtu aliyefunuliwa siri ya serikali.

Sasa ikafika Jumamosi ambayo baba yake Neema alishuka na binti yake kutoka Akheri kuja kwangu Sombetini. Mimi na Neema tulikuwa tumeshakubaliana kuoana, ila mzee alisema hapokei washenga wa mtu kabla yeye mwenyewe hajaketi nyumbani kwa mtu huyo. Ni mtu mpole, lakini ana kimya fulani ambacho ukikaa nacho dakika chache unaanza kukiri hata makosa ya darasa la pili.

Tatizo lilikuwa chakula. Mimi nikipika ugali majirani hutoka na ndoo za maji wakidhani nyumba inaungua. Neema angepika vizuri tu, ila kwao binti hashiki mwiko jikoni kwa mwanaume ambaye washenga wake hawajafika. Mzee angeona mtoto ameshajiozesha mwenyewe. Kwa hiyo nikaingia kwenye aplikesheni (mara yangu ya kwanza, lakini nilijifanya mzoefu), nikachagua hoteli moja ya Kimandolu inayosifika kwa loshoro, ile ya mahindi na maziwa mgando anayoipenda mzee, nikaongeza ndizi nyama na kuku, nikalipa kwa simu, nikakaa kwenye kochi na kukunja miguu kama mkurugenzi.

"Shikamoo baba, karibu sana, chakula kiko njiani," nikasema mzee alipoingia na Neema.

"Marahaba. Kinatoka wapi?" akauliza mzee.

"Kimandolu, baba. Tunakiona hapa," nikamwonyesha kidoti.

Mzee akavaa miwani, akakisogelea kile kidoti kama anakagua jicho la ng'ombe. "Mbona hakitembei?"

Nikainama nikatazama. Kweli kilikuwa kimesimama, tena palepale Kimandolu, na kikaendelea kusimama mpaka hesabu ya Elibariki ikaniambia kuku ameshakwisha na sasa jamaa anakwangua loshoro ya baba mkwe. Ningeweza kupiga simu na kuuliza kama watu wengine. Badala yake nikasema, "Baba, natoka kidogo nikanunue soda," nikaruka kwenye bodaboda ya kwanza niliyoiona na kumwambia dereva aende kama ana mgonjwa. (Na kwao mwenye nyumba hamwachi mgeni kabla hajala. Nalijua hilo. Nililikumbuka tukiwa tayari tunapita soko la Kilombero.)

Tukafika nje ya ile hoteli. Pale wapo madereva kadhaa wenye yale mabegi makubwa ya mgongoni, na mmoja, naapa, amekaa juu ya pikipiki yake, kontena mapajani, anakula kwa utulivu wa mtu aliye kwake. Nikamvaa.

"Umekamatwa. Hicho chakula ni cha baba mkwe wangu."

Yule kaka akameza kwanza. "Huyu baba mkwe wako anakula wali maharage?"

"Usinibabaishe, mmebadilisha."

"Tumebadilisha ndizi zikawa wali?" Wenzake walishaanza kusogea, na mama wa kaunta akatoka na upawa mkononi. "Bro, chukua kijiko uonje mwenyewe."

Mtu mwenye akili angeondoka. Mimi nikaonja, mbele ya umati ambao kwa macho yangu ulikuwa nusu ya Arusha. Ulikuwa wali maharage.

"Kapika mke wangu asubuhi," akasema. "Haya, tumwambie chumvi imetosha?"

"Imetosha," nikasema kwa sauti ya kuku aliyelowa. Mwingine pembeni akadakia, "Mwongezeni huyu, inaonekana ametoka mbali," na hapo hata mama wa upawa ilibidi aegemee ukuta.

Simu, ambayo ilikuwa inatetemeka mfukoni muda wote kwa namba nisiyoijua, ikaita tena, safari hii Neema.

"Chakula kimefika. Wewe umefika wapi?"

Nilirudi nikiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Mezani nikamkuta mzee, Neema, na kijana mwenye begi kubwa miguuni, anakula ndizi kwenye sahani yangu ya wageni. Ndiye aliyekuwa ananipigia. Aliponikosa akapiga honi getini, mzee akampokea, akasema aliyeleta chakula nyumbani haondoki na njaa, na tangu hapo amekuwa akimhoji: nani anapika, nani anafunga, wewe unalipwa na nani, ukikosa nyumba unafanyaje. Kijana alikuwa anajibu huku anatafuna.

Mzee akaniangalia mikono.

"Soda ziko wapi?"

Nikatafuta uongo, sikuupata. Kile kimya kikanizunguka, na mimi nikasema yote: kidoti, Elibariki, pasi, wali, mpaka chumvi. Neema akaficha uso kwenye kanga. Kijana wa begi akasema taratibu, "Kwa hiyo mimi nimesubiri kaunta, nimefika mpaka getini, na wewe uko kule unagombana na mwenzangu Joshua kwa wali wake," akarudi kwenye ndizi.

Mzee hakucheka. Alimaliza loshoro yake, akafuta midomo, nikaanza kuiaga ndoa kimyakimya.

"Washenga waje," akasema. "Mtu anayekimbia mpaka Kimandolu kwa ajili ya loshoro yangu, binti yangu hatalala njaa. Ila waje na mtu wa kukushika mkono usitoke."

Kisha akachukua simu yangu mezani na kuigeuza upande wangu.

"Na hiki kidoti, mwanangu, siyo chakula. Ni simu ya dereva. Kikisimama hotelini, bado wanapika."