Nilifufua boksi la maji la Ubaruku kwa JTAG, nikafuta ushahidi wa mzee wa watu, halafu nikadanganya kikaoni

Wakuu, salaam kwenu nyote, wenyeji wa jukwaa na mliopotea njia mkajikuta humu.

Huu uzi nimeuandika mara tatu na kuufuta mara tatu. Leo naubandika kabla sijabadili mawazo. Ninayosema yametokea kweli, nimebadilisha majina tu kwa heshima ya wahusika. Mwenye kunitukana ruksa, nimeshajitukana vya kutosha.

Mimi ni fundi simu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mnyaki wa Tukuyu. Nilianza na vioo na chaji, baadaye nikajifunza mtandaoni mambo ya router, ving'amuzi na vile viboksi vyenye Linux ndani. Wenzangu wa vibandani wakaanza kuniita "Engineer".

Jina likanipanda kichwani. Nalitaja mapema ili mjue tatizo lilianzia wapi.

Sasa twende Ubaruku.

Kule watu wanalima mpunga kwa maji ya mfereji, na maji ni ya zamu. Kila mfereji una siku zake. Ukifungua maji siku isiyo yako umewaibia wenzako, na mtu atakusamehe kuku wake kabla hajakusamehe maji.

Skimu moja ya umwagiliaji ilipewa boksi na mradi fulani. Linakaa pale kwenye banio, maji yanapotoka mtoni kuingia mifereji. Kila kiongozi wa mfereji ana kadi yake. Kadi yoyote kati ya hizo ikigusishwa inaweza kufungua geti lolote, na boksi linaandika kadi namba ngapi imefungua, siku gani, saa ngapi. Mradi uliisha, wenye mradi wakaondoka, boksi likabaki.

Jumapili moja watu wakiwa kanisani, geti la mfereji wa Mzee Masalu likafunguliwa. Haikuwa zamu yao. Mpaka inagundulika Jumatatu, majaruba ya upande wake yamejaa, na miche ya watu wa chini imenyauka kwa jua.

Mzee Masalu ni Msukuma. Alihamia bonde la Usangu miaka mingi iliyopita na ng'ombe wake, baadaye akageukia mpunga. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa mfereji ule. Nyumba yake ndiyo iko karibu na banio kuliko zote, na Jumapili ile hakwenda kanisani kwa sababu ya mgongo. Mnaona jinsi mambo yalivyokaa vibaya.

Yeye akasema kadi yake ilikuwa sandukuni siku nzima. Akaomba mwenyewe boksi lisomwe.

Kamati ya skimu ikakubali. Kikao kikapangwa Jumamosi. Ikionekana ni kadi yake, anatolewa kwenye skimu na ploti anapewa mtu mwingine. Ikionekana ya mwingine, anaombwa radhi mbele ya watu.

Ndipo akapigiwa simu Engineer.

Nilifika Alhamisi. Kazi ilikuwa moja, toa kumbukumbu uwape. Robo saa imekwisha.

Nikachomeka laptop, nikaona programu ya boksi ni ya zamani. Hakuna aliyeniambia niiguse. Ila wazee wa kamati walikuwa wamenizunguka wanatazama, nami nikaona niwafanyie update kwanza, wajue wameita mtu. Betri ya sola ilikuwa imechoka, na sikuipima. Katikati ya update umeme ukakata.

Ulivyorudi, boksi kimya. Hata taa ndogo haiwaki.

Kwa wasiojua, ndani ya vifaa hivi kuna kaprogramu kanaitwa bootloader. Ndiko kanakoamka kwanza, halafu kanaamsha mengine yote. Kakiharibika, kifaa kinakuwa kama duka ambalo ufunguo umepotea. Bidhaa zote ziko ndani salama, ila hakuna wa kufungua.

Nikawaambia kamati kwamba kifaa kimezeeka, naenda nacho kwenye mashine kubwa. Kwamba nimekiua mimi, sikusema.

Mzee Masalu akanisindikiza mpaka barabarani. Alinibebea begi, mzee mwenye mgongo mbovu, na mimi nikamwachia alibebe. Akaniambia, "Baba, humo ndani ndimo nilimo. Ulitunze."

Nikamwambia asiwe na wasi. Nikachomoa memory card kwenye boksi mbele ya macho yake, nikaikunja kwenye karatasi, nikaitia mfuko wa shati. Akafurahi, nami nikafurahi kumfurahisha.

Wakuu, hapo ndipo penye ujinga wenyewe. Sisi mafundi simu tuna desturi. Mteja akileta simu ya kuflash, unatoa laini na memory card, unampa mkononi, halafu unafuta kila kitu na kuandika upya. Kwetu mali ya mteja iko kwenye memory card. Kilichobaki ndani ya simu hakina mwenyewe. Nimefanya hivyo mara nyingi mpaka mkono unafanya peke yake.

Ijumaa asubuhi nikawa Iringa, Kihesa, kwa fundi mwenzangu Kikoti. Huyu jamaa ni Mhehe mpole, maneno machache, kazi safi. Alikuwa na kifaa cha JTAG, na bahati nzuri alikuwa na boksi kama lile lile la skimu nyingine, zima kabisa.

JTAG ni kama mlango wa uani. Kwenye ubao wa kifaa kuna vituo vidogo, ukiunga nyaya hapo unaongea na chip moja kwa moja hata kama bootloader imekufa. Vile vituo ni vidogo kama mbegu za ulezi. Kikoti alichomelea kwa lenzi, mimi nikishika taa. Mara mbili waya uling'oka.

Mara ya tatu chip ikajitambulisha kwenye laptop. Tukachukua bootloader ya lile boksi zima, tukaipakia kwenye RAM, ile hifadhi ya muda inayopotea ukizima, ikaamka. Tukagongeana mikono. Sijawahi kufurahi kwenye hii kazi kama dakika ile.

Kikoti akaanza kuvaa koti. Kulikuwa na msiba kwa jirani na mazishi yalikuwa mchana. Akiwa mlangoni akaniambia, "Soma kwanza yote yaliyomo uyahifadhi, ndiyo uandike. Ni kama saa moja. Usiwe na kiherehere, kaka."

Nikaitikia sawa.

Akaondoka. Nikaangalia saa, nikawaza basi la kurudi. Nikawaza kikao cha kesho, na wale wazee watakavyonipokea. Nikapapasa mfuko wa shati, memory card ipo. Sasa nasoma nini tena saa nzima?

Nikaandika nand erase.chip, nikabonyeza enter.

Nilitakiwa kufuta kipande cha mwanzo tu, kile cha bootloader. Amri ile inafuta chip yote, na mimi nilijua inafuta chip yote. Haikumaliza hata dakika.

Nikaandika bootloader, nikaandika mfumo mzima kutoka kwenye lile boksi la Kikoti, nikawasha. Taa ya kijani. Nikapiga kelele peke yangu mle ndani.

Kisha nikatoa memory card, nikaichomeka, nikaifungua.

Kulikuwa na kitabu cha maelekezo na picha za siku ya uzinduzi. Basi. Kumbukumbu za kadi hazikuwahi kukaa mle. Zilikuwa kwenye chip ya ndani, ile niliyotoka kuifuta.

Kikoti aliporudi alinikuta nimekaa chini. Akatazama skrini, akauliza, "Ulisoma kwanza?" Nikamwonyesha memory card. Akachomoa chuma cha kuchomelea kwenye umeme.

Halafu akasema, "Kawaambie hivyo hivyo ulivyofanya. Watakasirika, lakini mzee atabaki na nafasi ya kujitetea."

Nilikubaliana naye kabisa. Kutoka Iringa mpaka Makambako nilikuwa nikiyapanga maneno kichwani, na yalikuwa maneno mazuri.

Jumamosi nikalifunga boksi pale banioni mbele ya kikao. Geti likafunguka, likajifunga. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akanisifia, akasema vijana wa namna hii ndio wanaotakiwa. Kisha akauliza, "Na kumbukumbu za ile Jumapili?"

Wakuu, makofi ni kitu kibaya.

Nikasema, "Kumbukumbu zilikuwa zimeshaharibika. Inaonekana kuna mtu alilichezea boksi kabla sijafika."

Sikutaja jina. Nilijiambia sijamtaja mtu. Lakini vichwa vyote vikageukia upande mmoja, kwa yule mwenye nyumba karibu na banio. Nyuma yangu mtu mmoja akasema, "Kumbe ndiyo maana alikuwa anang'ang'ania lisomwe. Alijua halina kitu."

Mzee Masalu akasimama. Hakunikasirikia. Alinitazama kama mtu anayesubiri niongeze neno, aliamini kuna neno limebaki. Sikuongeza.

Akatolewa kwenye skimu siku ile ile.

Misimu miwili imepita. Boksi linafanya kazi mpaka leo, na mtu akitoka Ubaruku ananisalimia kwa kicheko, "Engineer wetu!" Nimekonda kwa ile salamu. Nimejaribu kusali, nimejaribu kusahau, nimejaribu kujiambia kwamba huenda kweli alifungua yeye.

Mwaka huu, pale Uyole, nikakutana na mama mmoja wa kule anayeuza mchele. Nikamuuliza kama bahati mbaya, yule Msukuma wa karibu na banio yuko wapi? Akasema yupo, anapandikiza mpunga wa watu kama kibarua, kwenye mfereji ule ule aliokuwa kiongozi wake. Nikashindwa hata kuondoka pale, mama akadhani nataka mchele.

Nikaenda.

Nilianza kwa mwenyekiti. Nikamwambia yote, kuanzia betri. Alisikiliza, akavua kofia, akaivaa tena. Akasema ploti ina mpunga wa mtu mwingine sasa, hawezi kuahidi kitu, ila niandike na kusaini, ataita kikao. Nikaandika pale pale.

Halafu kwa Mzee Masalu. Nilimkuta uani anachonga mpini wa jembe. Akaniita baba kama zamani, akaniletea kigoda. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kupamba maneno.

Akaacha kuchonga. "Kwa hiyo hakuna aliyelichezea."

"Hakuna, mzee. Ni mimi."

"Na kadi iliyofungua, ilikuwa ya nani?"

Swali hilo nililiogopa njia nzima. "Sijui, mzee. Nilifuta bila kusoma. Haitajulikana tena."

Akaugeuza mpini mkononi. Nilitamani anipige na ule mpini, kweli kabisa. Badala yake akasema taratibu, "Mke wangu, tangu kikao kile, hajaninawisha mikono kwa mkono wake. Chakula nawekewa mlangoni. Yuko jikoni. Mwambie kama ulivyoniambia."

Nikaenda. Mama alikuwa anapepeta mchele. Nikachuchumaa mlangoni nikamweleza, na mara hii sikueleza chip wala bootloader, nilisema tu kwamba nilifuta mimi, kisha nikasingizia kuna mtu kachezea.

Akaweka ungo chini. "Mimi nilikuamini wewe, fundi. Huyu nimeishi naye miaka yote hii, nikakuamini wewe."

Akainuka. Akachota maji kwenye jagi, akachukua beseni, akanipita pale mlangoni. Akapiga magoti mbele ya mumewe na kuanza kummiminia. Chakula hakikuwa tayari, ilikuwa bado saa nne asubuhi. Mzee akanyoosha mikono yenye vumbi la mpini, akanawa, akaendelea kunawa mpaka jagi likaisha.

Niliondoka bila kuaga, wakuu. Nisameheni na hilo.

Somo la ufundi mnalijua. Soma kwanza, hifadhi, ndiyo uandike, na muulize mteja mali yake iko wapi hata kama ni mzee wa jembe na wewe ni Engineer. Kuuliza si ujinga. Lakini kifaa nilikiua kwa bahati mbaya, na chip niliifuta kwa haraka. Lile la kikaoni nililifanya nikiwa na akili timamu, nimekula, nimelala vizuri, watu wananipigia makofi.

Kikao kipya kitaitwa, nami nitasimama. Kinachonisumbua ni kwamba ningeweza kusimama siku ile.

Mafundi mlioko humu, na wasio mafundi, karibuni mchangie. Ninataka hasa kumsikia aliyewahi kuharibu kitu cha mtu akasema "ni mimi" siku ile ile, kabla mwingine hajalipia. Ulianzaje kulitamka hilo neno?