Bati kwenye Kinubi cha Mama

Harufu ya vanishi mbichi ilijaa kanisani kwetu, nje kidogo ya Amagoro, Jumapili ile kinubi kipya kilipoletwa kutoka upande wa Uganda. Kilikuwa cheusi, kinang'aa. Mama, mpigaji wa kanisa, alibaki kwenye benchi na adeudeu yake, kinubi cha Kiteso alichoachiwa na babu. Mchwa walikuwa wamekula tumbo lake la mbao, naye akaliziba kwa bati la mkebe wa mafuta ya kupikia. Kwa muda mrefu alilifunika bati kwa kitambaa, na hakuna aliyenung'unika. Kitambaa kilipochakaa ndipo watu wakaanza kusema kinubi kinalia kama sufuria. Msimu wote wa mvua, nikiwa darasa la tano, nilisikia maneno hayo.

Mzee Emoit, mwenyekiti wa kanisa, alitaka adeudeu ipumzishwe. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kubishana, aliomba jambo moja: atundike leso mbele, avipige vyote viwili nyuma yake, wao wachague kwa masikio. Wakakubali. Alipiga wimbo uleule mara mbili.

"Hiyo ya pili," mzee akasema. "Hiyo ndiyo mpya, mama. Sikia vile inalia tamu."

Wote wakaitikia. Mama akaishusha leso; mapajani alikuwa na kile cha bati.

Nilidhani mambo yameisha. Lakini mzee alimwomba apige tena, sasa mbele ya watu. Akapiga. Mzee alisikiliza huku akilitazama bati, na uso wake ukabadilika polepole.

"Sasa naisikia," akasema kwa upole. "Hiyo sufuria iko ndani."

Hakuwa akidanganya. Hata mimi, nikilitazama lile bati, nilisikia mkwaruzo ambao nyuma ya leso haukuwapo. Njiani nilimuuliza Mama kwa nini alinyamaza. "Nibishane na mtu juu ya masikio yake?" akajibu. Alikipiga kile kipya miaka mingi. Adeudeu iliishia jikoni, moshi ukaila.

Leo nafundisha muziki Malaba, na mara nyingi naitwa kuamua mashindano ya shule. Muhula uliopita walikuja watoto kutoka Rukala, ambao mafuriko yalichukua ngoma zao, wakapiga mitungi ya plastiki. Nilikuwa nimeinamia meza. Mdundo ulikuwa mzito, wa kutulia, nikaandika alama. Kisha mwamuzi mwenzangu akaninong'oneza, "Dada, si hizo zinalia plastiki?" Nikainua kichwa, na tangu hapo sikusikia kingine. Alama zangu sikuzifuta. Wenzangu wawili waliandika zao wakitazama, na watoto wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kila mwaka huwa hivyo. Naandika kabla ya kutazama, na waamuzi tuko watatu.