Ndege Ilitaka Sahihi ya Baba

Niliamua kuondoka Kolwezi siku mume wangu alipompiga mtoto kwa mara ya kwanza. Mimi alikuwa akinipiga kwa miaka mitano, na miaka yote mitano, hata nilipokimbilia kwa mama, nilirudi nikakaa. Nililijua kofi lake, niliujua mkanda wake, nililijua na rungu fupi la mpira alilopewa kazini, maana alikuwa mkuu wa walinzi kwenye depo moja inayonunua mawe ya madini ya wachimbaji. Mtoto wetu wa kike alikuwa na miaka minne. Alimwaga maji ya kunawa juu ya viatu vya baba yake, akapigwa kofi lililomrusha mpaka kwenye ngazi ya saruji. Damu ikamtoka sikioni. Hakulia. Alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayejua kinachofuata.

Dada yangu mkubwa, ambaye namwita yaya, anaishi Lubumbashi. Kesho yake nilimpigia simu kutoka chooni shuleni. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na choo cha walimu ndicho mahali pekee nilipokuwa na mlango wa kufunga.

"Kuya na ndeke," akaniambia. "Mi nalipa. Hata saa moja haiishe, uko kwangu. Ukishaingia mu ndeke, hawezi kukufuata mu hewa."

Barabara hatukuizungumzia. Mdogo wake mume wangu alifanya kazi kwenye kizuizi cha kutokea mjini, akichungulia kila basi na kila gari. Ilibaki ndege au treni. Ndege ina siku yake na saa yake. Treni wanakuandikia Jumanne, nayo inakuja inapopenda, kisha ikifika Tenke inalala, na ikifika Likasi inalala tena. Nilijiambia kwamba mtu anayekimbia hapandi kitu kinacholala njiani. Nikachagua ndege.

Kwenye ofisi ya tiketi alikuwepo bwana mmoja mpole mwenye tai. Aliandika jina langu, akaandika la mtoto, halafu akainua kichwa.

"Mama, baba ya mutoto anasafiri naye?"

"Hapana."

"Basi inaomba karatasi. Autorisation parentale, ruhusa ya muzazi. Baba atie sahihi, ofisi ya komini ipige muhuri."

"Na kama baba haiko?"

"Alikufa?"

"Hapana."

"Basi atie sahihi," akasema, akanisogezea fomu. Hakuwa mtu mbaya. Karatasi ile imewekwa ili watoto wasiibwe, na mimi nilikuwa namwiba wangu.

Niliificha fomu katikati ya madaftari ya wanafunzi niliyokuwa nikipeleka nyumbani kusahihisha. Nikaanza kujifunza sahihi ya mume wangu. Ilikuwa na mkia mrefu unaorudi nyuma na kukata jina lote. Nilijaza nayo kurasa mbili za daftari. Siku ya tatu mkono wangu ulikuwa umeizoea kiasi kwamba mimi mwenyewe nisingetofautisha.

Jumamosi mchana alitafuta karatasi ya kufutia matope ya viatu. Akachukua daftari la juu, akafungua, akakuta kurasa mbili za jina lake.

Hakupiga kelele. Alifunga mlango, akapandisha sauti ya redio, akauliza sahihi yake ni ya karatasi gani. Mwenyewe akaikuta fomu kati ya madaftari.

"Ndeke ya kwenda wapi?"

"Sijui."

Rungu likashuka begani.

"Ndeke ya kwenda wapi?"

Likashuka mgongoni. La tatu lilikuwa la kichwa, nikalikinga kwa mkono wa kulia. Niliusikia mfupa kabla sijasikia maumivu. Akanishika nywele, akaniburuta hadi mezani, akaikunja fomu na kuisukuma mdomoni mwangu kwa vidole viwili.

"Kula. Panda ndeke yako."

Nilitafuna. Kila nilipoacha, alinigonga paji la uso kwenye meza. Niliila karatasi yote, wino na damu, na mtoto amesimama mlangoni mwa chumba cha kulala akishika sikio lake. Majirani walisikia. Majirani siku zote walisikia.

Hospitalini walinifunga plasta kutoka kwenye vidole hadi kiwiko. Muuguzi aliandika kwamba nimeanguka, bila kuniuliza. Jumatatu nilifundisha kwa mkono wa kushoto. Herufi zangu zilikuwa kama za mtoto wa chekechea, na darasa zima lilicheka, halafu mmoja mmoja wakanyamaza.

Saa ya mapumziko nilienda kituo cha treni. Mama aliyekuwa dirishani aliniuliza jambo moja tu: mizigo ni mingapi. Kuhusu mtoto alisema, "Ule mudogo? Atakaa ku magoti yako." Hakutaka karatasi, hakutaka baba. Nilisimama pale dirishani nikimtazama mpaka watu wa nyuma wakanisukuma.

Jumanne mume wangu alipokwenda kazini, nilimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, nikachukua begi moja, nikaondoka. Treni haikuja. Jumatano haikuja. Tulikaa kituoni kati ya magunia ya makaa na ya samaki wakavu, pamoja na vijana waliokuwa wakirudi kwao kutoka machimboni na akina mama wa biashara. Mmoja wao, mwanamke mnene aliyekuwa akipeleka samaki Likasi, alitazama plasta yangu, akatazama jicho langu lililovimba.

"Kaa huku nyuma ya bitu yangu," akasema, akinionyesha magunia yake. "Akikuya, nitakwambia."

"Unamujua?"

"Hapana. Lakini naijua ile kazi yake," akasema, akinyooshea jicho langu kidole.

Treni iliingia Alhamisi kabla ya adhuhuri. Watu hawakungoja isimame. Walirusha magunia madirishani, wakakanyagana, na kijana mmoja alimpasua mwenzake mdomo kwa ajili ya nafasi ya kiti. Nilikuwa nimekwisha keti, mtoto magotini, nilipomwona mume wangu akija jukwaani, na sare yake ya kazi na rungu mkononi, akiwatupa watu pembeni.

Aliingia katika behewa letu.

"Leta mutoto wangu."

"Haendi."

Akanipiga ngumi ya mdomo. Jino likakatika, nikalisikia juu ya ulimi. Akamshika mtoto mkono, akamvuta kutoka kwangu, akaanza kurudi mlangoni naye akining'inia na kupiga kelele. Yule mama wa samaki akajitupa mbele yake. Akapigwa rungu la paji la uso, mara moja, na damu ikamfunika macho, lakini hakuliachia shati la mume wangu. Wanawake wengine wakainuka. Mmoja akamng'ata sikio. Mwingine akampiga kwa sufuria. Ndipo treni ikaanza kutembea.

Nilimfikia mlangoni. Sikuwa na kitu mkononi. Nilikuwa na plasta. Nikainua mkono wangu uliovunjika na kumpiga nao puani. Nikapiga tena. Maumivu yalinipanda mpaka kwenye meno, nikapiga tena. Alimwachia mtoto, na wanawake wakamvuta ndani.

Sehemu inayofuata yaya hupenda kuisimulia vingine, kwa hiyo naiandika ilivyokuwa. Mume wangu alikuwa ameshamwachia mtoto. Alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi ya behewa na mkono mmoja umeshika chuma cha mlango, na uso wake wote ni damu. Akanitazama, akasema, "Basi. Mama ya mutoto, basi." Ningeweza kuacha. Treni ilikuwa bado polepole, na kituo kinachofuata wangemshusha. Niliinua mkono, nikapiga vidole vyake kwenye kile chuma, mara mbili. Vikafunguka. Akaanguka juu ya mawe ya kando ya reli, akabiringika, akalala. Sikufumba macho.

Yule mama wa samaki alichana kitambaa chake, akajifunga paji la uso, akabaki na kipande, akanifuta mdomo.

Tulifika Lubumbashi baada ya siku mbili. Mkono wangu ulifungwa upya, na mpaka leo umepinda.

Kolwezi nimerudi mara moja tu, kwa ndege, kwa ajili ya kesi ya talaka. Mtoto nilimwacha kwa yaya, kwa hiyo hapakuwa na karatasi ya kuomba. Mume wangu alikuja na magongo mawili. Paja lilikuwa limevunjika na halikuunga vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote atakayosema, lakini alimwambia hakimu kwamba aliteleza. Nadhani asingeweza kusema mbele ya watu kwamba aliangushwa na mwanamke mwenye plasta. Mtoto alibaki kwangu.

Nje, mama yangu alikuwa ananingoja. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka mtaa wa Kapata, kwenye nyumba aliyoachiwa na baba tangu enzi za kazi yake mgodini. Ni yeye aliyenirudisha kwa mume wangu mara mbili, akisema ndoa ndivyo ilivyo.

"Watu walikuona ku treni, wakaniambia. Ni mi nilimwambia bwana yako," akasema. "Aliniminya shingo. Niliogopa."

"Najua, mama."

Nilimshika mkono. Zaidi ya hapo siku ile sikuweza.

Binti yangu sasa ana miaka tisa. Sikio la kushoto halisikii, basi ukitembea naye lazima uwe upande wa kulia. Juzi tulikuwa tukitoka sokoni, akasimama katikati ya njia.

"Mama, papa alianguka ao ni weye ulimwangusha?"

Nilikuwa na majibu mawili tayari, moja la mtoto na moja la mtu mzima. Niliyaacha yote mawili.

"Ni mi," nikasema.

Akauliza kama papa alilia. Nikamwambia sikumbuki, na huo ni uongo.