Kiapo cha Kumtoa Binti Kwenye Bima

Siku wazee walipokaa Mikindani kuamua mwanangu abaki na nani, nilifurahi kama mjinga. Mume wangu, mtu wa bara, alikuwa ameshanipa talaka na sasa alimtaka na mtoto. Mjomba wangu, mkulima wa korosho asiyejua kunong'ona, akamwambia kwamba sisi ni Wamakonde, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Mume wangu akasema, "Sawa. Kama ni wenu, mchukueni na kila kitu chake." Alipoondoka tulipika wali na kuku. Mimi niliona tumeshinda.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa mwajiri wake, akamfuta mtoto kwenye bima ya afya.

Mwanangu ana seli mundu. Anahitaji kliniki kila mwezi, dawa kila siku, na akizidiwa anaongezwa damu. Nilijua amefutwa nikiwa dirishani hospitalini, mtoto mgongoni analia mifupa inamuuma, na dada wa mapokezi ananiambia kadi haisomi. Nilimpigia simu baba yake. Hakunitukana. Alisema tu kwamba yeye amefuata neno la mjomba wangu, basi ukoo wa mama umtibie. Nilikwenda ustawi wa jamii, wakanipa tarehe ya kutuita wote wawili. Kabla haijafika, baba yake akahamishwa kikazi, nikapewa nyingine. Maumivu ya mwanangu hayakuwa na habari na tarehe za mtu.

Mimi ni mwalimu na bima ninayo, lakini nafasi zake za wategemezi ni nne, na zote zilikuwa zimejaa. Yumo baba yangu mwenye kisukari, mama yangu mwenye presha, na mabinti wawili wa marehemu dada yangu. Hao mabinti niliwaandikisha kama watoto wangu wa kuzaa, na vyeti vyao vya kuzaliwa vina jina langu. Sikuona kama nadanganya. Tulipomzika dada, wanawake wa kwetu walinikalisha mkekani, wakaniwekea watoto mapajani, na mambo yakaisha hapo. Mdogo alikuwa hajatimiza miaka miwili. Mama aliyemjua ni mimi.

Kijana wa ofisi ya bima alikuwa mpole, na upole wake ndio uliniudhi. Alisema mwalimu, toa mmoja, uingize mmoja. Baba na mama sikuweza kuwagusa. Binti mkubwa ana kifafa, anaishi kwa vidonge. Akabaki mdogo, mwenye miaka kumi na miwili, mzima kama kigongo. Ila mtoto hafutwi hivi hivi. Hajafa, hajaolewa, hajavuka umri, na baba yake hayumo kwenye cheti useme ahamie kwake. Ilibaki njia moja, niapishwe mahakamani kwamba si mtoto wangu, na cheti kile kiliandikwa kwa makosa.

Nilipowaambia walimu wenzangu, walitikisa vichwa wakasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kaape. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mjomba naye, yule aliyenguruma Mikindani, nilipomuuliza mila inasemaje kuhusu kadi, alitazama viatu vyake. Nilimchukia siku ile. Nilijichukia zaidi mimi, kwa wali niliokula.

Binti huyo mdogo nilikwenda naye mahakamani kwa sababu ilibidi arudishe kadi yake mwenyewe. Nilimwambia tunabadilisha karatasi za mdogo wake, ili apate dawa. Alivaa sare ya shule ingawa ilikuwa likizo, na ndani ya bajaji akawa ananiuliza kama tukimaliza tutapita Shangani atie miguu baharini. Nikasema tutapita. Nilidhani nitatia saini, hakimu atagonga muhuri, tuondoke. Mimi ninayewafundisha watoto wa watu kusoma sikujua kwamba kiapo husomwa kwa sauti kabla ya kuapa.

Karani alisoma kwa sauti ya mtu mwenye kazi nyingi. Alilitaja jina la binti, majina yote matatu, akasema kwamba mimi si mama yake, sijawahi kumzaa, na sina wajibu naye kuanzia tarehe hiyo. Maneno hayo ya wajibu sikuyaandika mimi; yamo kwenye fomu. Nikashika msahafu nikaapa. Sikugeuka kumtazama. Nilisikia tu anaweka kadi yake mezani, taratibu.

Shangani hatukwenda. Alisema kichwa kinamuuma. Nilimweleza kwa mapana, kwamba ni karatasi tu, kwamba ningemtoa nani kama si aliye mzima, kwamba kwangu hakuna kilichobadilika. Alinisikiliza kwa adabu zote. Alisema ameelewa, na kwamba mdogo wake lazima apate dawa.

Kadi ya mwanangu ilitoka mwezi wa tatu, na sasa anatibiwa. Nashukuru, na shukrani yenyewe ni chungu. Asubuhi ile ya baada ya kiapo binti alifagia uwanja kabla sijaamka, akachota maji, akavaa, kisha akaja mlangoni kwangu, akakunja goti kama anavyomwamkia mgeni.

"Shikamoo, mama mdogo," alisema.

Nikaitikia marahaba.