Picha Safi ya Panya

Nicholas alikuwa mpiga picha pekee pale sokoni Litein, na ukimuuliza yeye, pekee duniani. Kwa hivyo panya walipoanza kula mbegu ya mahindi iliyowekwa darini, juu ya moto wa jikoni, angewezaje kutega kama watu wa kawaida?

Mkewe Rodah alinunua mtego. "Baba Cheptoo, weka huu leo. Mvua iko karibu, na hiyo ndio mbegu yote tuko nayo."

"Wewe mama, utatega wapi na hujui anapitia wapi? Kwanza nimpige picha."

Akafunga kamera darini, akatoa kamba kutoka kwa kifyatuo mpaka kwa omena, dagaa ya chambo. Panya akivuta omena, anajipiga picha mwenyewe. Halafu bwana mkubwa akatoa amri: hakuna kuwasha moto jikoni, moshi utachafua kioo cha kamera. Rodah akahamia kupikia nje.

Kumbe huo moshi ndio ulikuwa unawabana panya. Sasa hewa ilikuwa safi kama hoteli, wakaita ukoo mzima. Omena hata hawakuitazama, walienda moja kwa moja kwa mahindi. Walipomaliza ndio mmoja akakumbuka kitoweo, na taa ya kamera ikawaka.

Nicholas akapeleka filamu Kericho kusafishwa, akarudi akimwonyesha kila jirani picha. Panya mnene, amekalia kigunzi kitupu, shimo nyuma yake.

"Umeona shimo? Sasa lete mtego!"

Nje mvua ilikuwa imeanza. Rodah akampa jembe.

"Panda hiyo picha."